Bosi Asiyeulizwa Ndiye Mlango wa Tapeli

Wasee, leo siongei na nyinyi pekee. Leo naongea na mabosi wenu. Na simaanishi wale mabosi wabaya wa kurushia watu mafaili. Namaanisha wale wazuri: mawakili, wahasibu, wapimaji ardhi, wasanifu majengo, madaktari wa meno. Watu wa ofisi safi orofa ya tano, kapeti chini, vyeti ukutani, chai ya saa nne haikosi.

Tuseme ni Ijumaa, saa tisa na nusu mchana. Imeili inaingia kwa kijana wa akaunti, na jina lililo juu ni la bosi. "Niko kwa mkutano, siwezi kushika simu. Lipa hawa watu kabla benki zifunge, karatasi nitakuletea Jumatatu. Usiambie mtu, hii dili bado ni ya siri." Kijana analipa. Jumatatu anamwendea bosi kuulizia karatasi, na bosi anashangaa, karatasi gani? Kufikia saa nne huyo kijana ako kwa chumba cha mkutano, watu watatu wanamuuliza swali moja: "Kwani hukuona hiyo imeili si yangu?"

Mimi niko na swali langu, na ni la bosi. Huyo kijana angekupigia simu hiyo Ijumaa kukuuliza kama kweli ni wewe, ungemjibu vipi?

Tuambiane ukweli. Ungemwambia, "Si nimekuambia niko kwa mkutano?" Ungemwambia, "Wewe kila kitu lazima uelezwe mara mbili?" Na wiki ijayo, wakiulizwa nani hajiwezi kazini, jina lake lingekuwa la kwanza. Yeye anajua hivyo. Amekaa hapo ofisini miezi minane, ameona nani husifiwa na nani hufokewa. Anayesifiwa ni yule anayesema "Sawa bosi" halafu kitu kinafanyika. Kwa hivyo alisema sawa bosi.

Hiyo ndiyo hoja yangu leo. Ofisi nyingi Nairobi zinaibiwa pesa kwa simu na imeili kwa sababu zimefunza watu wake kutii jina la mkubwa bila swali. Tapeli hakuvunja kitu. Alikuta ofisi ambayo mtu akisema "mzee amesema," mjadala umeisha, naye akajifanya mzee.

Anahitaji vitu vitatu tu

Watu wanafikiria tapeli wa ofisi ni kijana amevaa hudi, yuko kwa chumba cha giza, herufi za kijani zinateremka kwa skrini. Acheni sinema. Mwingi wa huu wizi hauhitaji ujuzi wa kompyuta. Unahitaji jina, haraka na siri.

Jina mmempa wenyewe. Tovuti ya kampuni iko na ukurasa wa "Timu Yetu" wenye picha, vyeo na imeili za kila mtu. LinkedIn inamwonyesha nani ameanza kazi wiki jana, na mgeni ndiye mtamu zaidi, kwa sababu hajui bosi huandika vipi wala huongea vipi. Stetasi ya WhatsApp ya bosi inasema yuko Dubai. Halafu kuna ile imeili inayojijibu yenyewe: "Niko nje ya nchi hadi tarehe 14, kwa jambo la dharura wasiliana na fulani." Manze, hapo umemwambia bosi hayuko, atarudi lini, na nani amebaki na funguo za sanduku.

Jina linaloonekana juu ya imeili pia ni la bure. Mtu yeyote anaweza kufungua akaunti leo akajipa jina la bosi wako na picha yake. Kwa simu unaona jina tu, anwani yenyewe imejificha mpaka uibonyeze. Na hata ukiibonyeza, herufi r na n zikikaribiana zinafanana na m, na mwisho wa .co.ke unaweza kugeuzwa .com bila jicho lililochoka kugundua.

Haraka ni yenu pia. Ofisi ambayo kila kitu ni cha dharura haiwezi kutambua dharura feki. Kama kila siku bosi hutuma meseji ya "SASA HIVI" kwa herufi kubwa, tapeli akituma yake itafanana na zingine zote.

Na siri? Ofisi za kitaaluma zimejengwa juu ya siri. Wakili hasemi mambo ya mteja, daktari hasemi ya mgonjwa, mhasibu hasemi ya vitabu. Hiyo ni sifa nzuri. Lakini "usiambie mtu" ikitoka kwa tapeli, inatua kwa mtu aliyefunzwa tangu siku ya kwanza kwamba kufunga mdomo ndiyo kazi.

Kuna ile mbaya zaidi

Hiyo ya Ijumaa ni utapeli wa rejareja. Wa jumla ni ule tapeli anaingia kwa imeili yenu kabisa. Mtu ofisini anapata kiungo cha "faili limeshirikiwa nawe," anabonyeza, ukurasa unafanana na ule wa kawaida wa kuingia, anaandika nenosiri lake. Ukurasa unasema kuna hitilafu, jaribu tena. Anaendelea na kazi, anasahau.

Tapeli hasahau. Anaingia polepole, haibi kitu. Anaweka amri ndani ya sanduku la barua kwamba kila imeili yenye neno "invoisi" au "malipo" imfikie yeye pia. Halafu anangoja, wiki hata mwezi. Anasoma.

Sasa fikiria hiyo ni ofisi ya wakili na kuna shamba linauzwa. Nyote mnajua mauzo ya ardhi yanavyoenda hapa kwetu: mara nyingi ni asilimia 10 siku ya kutia sahihi, salio likifuata ndani ya siku 90 hivi, na pesa zinapitia kwa mawakili. Tapeli ameona kila hatua. Siku ile salio linafaa kutumwa, imeili inatoka, na wakati huu inatoka kwa anwani ya kweli ya wakili, chini ya mazungumzo yale yale ya kweli: "Akaunti yetu ya kawaida iko kwa ukaguzi. Tafadhali tumia hii nyingine." Mnunuzi anatuma. Aliyeuza anangoja. Huyo aliyeuza anaweza kuwa mwalimu aliyestaafu ambaye hilo ndilo shamba pekee alilokuwa nalo. Wakigundua, pesa imepita akaunti tatu na imeshatolewa.

Uingereza hii ilisumbua mawakili mpaka ikapewa jina, wizi wa Ijumaa alasiri, kwa sababu mauzo mengi ya nyumba hukamilishwa siku hiyo na kila mtu anataka kuenda nyumbani. Marekani nako, FBI walipokea malalamishi zaidi ya 21,000 ya utapeli wa imeili za biashara mwaka wa 2023 pekee, na hasara iliyoripotiwa ilikuwa zaidi ya dola bilioni 2.9. Hiyo ni mwaka mmoja, nchi moja, na ni ya wale waliokubali kusema.

"Sisi tuko na watu wajanja"

Kuna bosi anasoma hapa akijiambia ofisi yake imejaa watu wa digrii. Sawa. Wacha nikupe watu wa digrii.

Kati ya 2013 na 2015, mwanamume mmoja wa Lithuania alitoa zaidi ya dola milioni 100 kutoka kwa Facebook na Google. Ndiyo, hao hao. Alisajili kampuni Latvia yenye jina sawa na la kampuni ya Taiwan iliyokuwa ikiwauzia vifaa, akatuma invoisi, wakalipa. Alihukumiwa miaka 5 jela mwaka wa 2019. Kampuni mbili zilizojaa wahandisi wa kompyuta ziliingia boksi kwa karatasi feki.

Mwaka huo wa 2019, mkuu wa kampuni moja ya nishati Uingereza alipigiwa simu na sauti ya bosi wake wa Ujerumani. Lafudhi ile ile, mdundo ule ule. Akatuma euro 220,000. Sauti ilikuwa imetengenezwa na programu.

Halafu 2024, Arup, kampuni ya wahandisi iliyofanya kazi kwa jumba la Opera la Sydney. Mfanyakazi wa ofisi yao ya Hong Kong alipata imeili kuhusu malipo ya siri. Na sikia hapa vizuri: alishuku. Alifikiri ni utapeli. Wakamwita kwa mkutano wa video, akaona mkuu wa fedha na wenzake wengine wanaongea. Shaka ikaisha. Akatuma takriban dola milioni 25 kwa awamu 15. Wale wote aliowaona kwa video walikuwa feki.

Huyo mtu hakukosa akili. Alikuwa nayo, na ilimwambia ukweli mara ya kwanza. Alichokosa ni mahali pa kuipeleka hiyo shaka. Ingekuwa kuna sheria moja tu pale, kwamba malipo ya namna hii hayatoki mpaka mtu apige namba iliyo kwa faili, video ingekuwa kelele tu. Shaka bila utaratibu haizuii chochote, inakunyima tu usingizi.

Tukirudi kwa simu zetu

Sisi Wakenya tumezoea kucheka. Ukipigiwa na namba ngeni ikianza na "mteja wetu mpendwa," unajua ni ya Kamiti. Tunawaweka kwa spika, tunawatania, tunapakia klipu. Kwa hivyo tunaamini utapeli wa simu ni wa shosho kijijini.

Simu ya ofisi ni tofauti, kwa sababu mpigaji anajua kazi yenu. Anampigia dada wa risepsheni akijifanya afisa wa KRA: kampuni iko na deni la kodi, akaunti inafungwa leo saa kumi, lakini kuna njia. Au ni "benki": kuna mtu anajaribu kutoa pesa, tutakutumia namba ya siri, isome ili tusimamishe. Hiyo namba ndiyo funguo yenyewe, na wewe umemsomea mwizi ukidhani unamzuia mwizi. Au ni meseji ya WhatsApp, namba mpya, picha ya bosi: "Hii ndiyo laini yangu mpya, ile nyingine imeharibika. Uko kwa dawati?" Au ni kliniki: "mteja" analipa zaidi, anaonyesha meseji ya M-Pesa, anaomba arudishiwe tofauti. Meseji ni ya kuandikwa na mkono.

Na usiniambie eti Truecaller ilionyesha jina la benki. Hayo majina yanatokana na watu. Tapeli anaweza kujisajili kwa jina analotaka. Safaricom wamesema miaka yote kwamba wao humpigia mteja kwa 0722 000 000 pekee, na hawaombi PIN. Ijue hiyo. Lakini namba inayoonekana kwa simu nayo inaweza kughushiwa, kwa hivyo dawa haibadiliki: kata, halafu upige wewe mwenyewe kwa namba unayoijua. Afisa wa kweli hatakasirika ukimwambia utampigia kwa namba ya ofisi yao. Akikasirika, umeshapata jibu.

Shida ni kwamba dada wa risepsheni analipwa awe mpole. Mkubwa akipiga akapata simu imekatwa, atalaumiwa. Mnamwambia "mteja ni mfalme," halafu mnashangaa alipomfungulia mtu aliyesema ni mfalme.

Tuongee kuhusu mshahara

Sasa hapa ndipo mimi hukasirika kabisa. Pesa ikishaenda, ofisi nyingi zinafanya kitu kimoja: zinatafuta mtu mdogo zaidi aliyegusa hiyo pesa, zinaanza kumkata. Laki mbili, tatu, kutoka kwa mtu anayelipwa elfu thelathini. Wengine ni intani hawalipwi kitu, wanaambiwa wazazi waje.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inasema nini mwajiri anaweza kukata. Mali ikipotea au ikiharibika, ni kama mfanyakazi alikusudia. Pesa zikipungua kwa uzembe au kukosa uaminifu, ni kwa yule ambaye mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa. Na hata hapo, makato yote pamoja hayafai kupita theluthi mbili ya mshahara. Kwa hivyo dada wa risepsheni na mtoto wa atachi hawaingii hapo hata kidogo. Kijana wa akaunti anaweza kuingia, lakini lazima uonyeshe uzembe. Je, ni uzembe kufuata njia ile ile mmekuwa mkilipa nayo kila wiki, kwa meseji ya bosi, bila karatasi? Kama ni uzembe, ni wa nani?

Ofisi za mawakili zinafanya hivi wakati kitabu cha sheria kiko kwa rafu nyuma ya kiti cha bosi. Aibu gani hii?

Mbali na haki, ni ujinga wa kibiashara. Ukimkata mmoja, umewafunza wengine ishirini kunyamaza. Siku mwingine akibonyeza kiungo kibaya, hatasema. Atafuta imeili, atabadilisha nenosiri kimya kimya, ataomba Mungu. Na kwa huu wizi saa za kwanza ndizo muhimu. Ukipigia benki mapema, pesa inaweza kusimamishwa kabla itoke upande wa pili. Kesho yake, kawaida unaongea na akaunti tupu.

Kuna sheria nyingine inayohitaji watu waongee haraka. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa za wateja zikivuja na kuna hatari ya kweli kwao, ofisi iko na saa 72 tangu ijue kumwarifu Kamishna wa Data. Utajuaje, kama aliyeona ameogopa kukuambia? Woga ulioupanda wewe ndio utakupeleka kwa faini.

Najua mtasema nini

Mtasema kazi itachelewa. Kupiga simu moja ni dakika mbili. Lipi linachelewesha zaidi, dakika mbili au miaka miwili kortini na mteja wako?

Mtasema tulifanya mafunzo. Ile semina ya Naivasha, slaidi arobaini, nyama choma jioni, picha za pamoja. Mafunzo ni mazuri. Lakini umemfunza mtu kutambua imeili feki, halafu ukamrudisha kwa ofisi ambayo akiuliza anafokewa. Slaidi haziwezi kushinda kelele za bosi.

Mtasema vijana wenyewe ni wazembe, wako TikTok siku nzima. Kuna wazembe, sikatai. Lakini aliyedanganywa Uingereza alikuwa mkuu wa kampuni. Na kijana ambaye amekua akitapeliwa kwa kila kundi la kuuza viatu anajua harufu ya tapeli kuliko wewe. Yeye ndiye kengele yako, na wewe umemfunga mdomo.

Mtasema tuko na antivairasi. Antivairasi gani inazuia mtu mwenye mamlaka kutuma pesa kwa hiari yake?

Kwa hivyo fanyeni hivi

Sitaki kuongea tu bila kuwapa kazi. Andikeni kwa karatasi moja, bosi atie sahihi, ibandikwe karibu na dawati la akaunti:

1. Akaunti ya kulipia ikibadilika, hailipwi mpaka mtu apige namba iliyo kwa faili la zamani. Namba iliyoandikwa ndani ya hiyo imeili haihesabiki, kwa sababu ni ya aliyeituma.

2. Malipo ya kupita kiwango fulani yanaidhinishwa na watu wawili, na mmoja hawezi kumwachia mwenzake nenosiri "kwa sababu niko barabarani."

3. WhatsApp si mahali pa kuagiza malipo. Hata kama ni bosi wa kweli. Hasa kama ni bosi wa kweli.

4. Mteja anaambiwa siku ya kwanza, kwa mdomo na kwa barua, kwamba akaunti yetu haitabadilika kwa imeili. Akipata imeili ya kubadilisha, apige simu kwanza.

5. Imeili zote ziwekewe hatua ya pili ya kuingia, si nenosiri peke yake. Mtu wa kompyuta apekue kila mwezi kama kuna amri ya kupeleka barua nje ambayo hakuna aliyeiweka. WhatsApp iwekewe PIN yake.

6. M-Pesa ya ofisi inahakikishwa kwa salio au taarifa ya akaunti, kamwe si kwa meseji iliyo kwa simu ya mteja. Na ukituma, soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha. Liliwekwa hapo lisomwe.

7. Anayeripoti mapema kwamba amekosea hakatwi, hafukuzwi, hachekwi kwa mkutano wa Jumatatu.

Hiyo ya saba ndiyo mtaikataa. Bila hiyo, zile sita ni mapambo.

Na wewe wa dawati la mbele

Sasa nyinyi wenzangu. Bosi wako anaweza kosa kusoma hii. Mboka ni yako, na jina litakalotajwa ni lako, kwa hivyo jifunze kukataa bila kusema hapana.

Sema hivi: "Sawa bosi, naandaa malipo, nakupigia kwa laini yako ya kawaida dakika hii nithibitishe." Umetii, na umefunga mlango. Kwa mteja: "Ngoja nikupigie kwa namba tuliyo nayo kwa faili." Kwa anayejiita wa benki: "Asante, nitapiga tawi letu." Hakuna tusi hapo. Na usibishane. Tapeli anataka ubaki kwa laini, kwa sababu ukikata utaanza kufikiri.

Bosi akikulazimisha kulipa bila utaratibu, mwandikie imeili fupi kwa anwani yake unayoijua: "Kama ulivyoagiza, nalipa fulani kiasi hiki kwa akaunti hii." Usijibu ile iliyokuja, andika mpya. Ikiwa si yeye, atashtuka. Ikiwa ni yeye, umejiwekea ushahidi.

Na kama imeshatokea, usifute kitu. Pigia benki kwanza, saa hiyo hiyo, uombe malipo yasimamishwe. Kama ni laini ya Safaricom, peleka ile namba ya utapeli kwa 333. Mwambie bosi kwa maandishi. Halafu DCI. Udanganyifu huu ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kwa hivyo wewe ni shahidi, usikubali kuketishwa kama mshukiwa. Usitie sahihi karatasi ya kukubali deni hiyo siku ukiwa unatetemeka. Omba kwenda nayo nyumbani uisome.

Bosi, kama umefika hapa, niko na ombi moja. Kesho asubuhi, kabla ya chai, ita kila mtu, mpaka mlinzi na mama wa usafi, useme sentensi hii mbele yao: "Yeyote atakayenipigia kuniuliza kabla ya kulipa, hata nikiwa kwa mkutano na waziri, hajakosea." Halafu wa kwanza akikupigia, mwambie asante, na uiseme kwa sauti wengine wasikie.

Haigharimu hata bob. Kama hiyo sentensi inakushinda kutamka, usiite mtu wa kompyuta. Shida ya ofisi yako haiko kwa kompyuta.